Wingi wa Watu na Amana ya Malezi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mabaraza ya pwani swali hili halikosi kuzuka: je, yajuzu dola kuweka sera ya idadi ya watu, ikawahesabu raia, ikawausia wapishanishe uzazi, na ikapanga skuli na hospitali kwa hisabu hiyo? Au hayo ni kuingilia kazi ya Mola, aliyejitwalia dhamana ya riziki ya kila kiumbe? Watu wamekuwa mapote mawili, na kila pote limeshika sehemu ya haki na kuiacha sehemu nyingine.

Kwanza yapasa kulijua jambo lenyewe, kwani kuhukumu kabla ya kujua ni dhulma. Katika hisabu ya mwaka 1967 watu wa Tanzania nzima walikuwa milioni 12 na kitu. Mwaka 2012 walikaribia milioni 45. Mwaka 2022 wakatimia milioni 61 na laki 7. Zanzibar peke yake ilitoka milioni 1.3 mwaka 2012, ikakaribia milioni 1.9 mwaka 2022. Mwendo wa nchi nzima katika miaka hiyo kumi ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na mwendo huo ukidumu, watu huwa maradufu kwa muda wa miaka 22 hivi. Maana yake ni kwamba dola yenye skuli 100, ikijenga 100 nyingine katika muda huo, haikuongeza kitu. Imesimama pale pale. Na visiwani ardhi haizai ardhi: shamba alilolima babu mmoja hugawanywa na wajukuu ishirini.

Kwa sababu hii serikali ya Tanzania iliweka Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu mwaka 1992, kisha ikaitengeneza upya mwaka 2006. Sera hiyo haikumwekea mtu mpaka wa watoto. Iliifunganisha idadi ya watu na elimu, afya, kazi na hali ya wanawake, na uamuzi wa uzazi ikawaachia mume na mke.

Pote la kwanza husema kuwa kuhesabu na kupanga ni upungufu wa tawakkul. Hao hujibiwa kwamba imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa riwaya ya Hudhayfa, kuwa Mtume (S.A.W.) aliamrisha yaandikwe majina ya waliosilimu. Basi kuhesabu watu si bidaa. Na Nabii Yusuf (A.S.), alipokabidhiwa khazina za Misri, aliweka akiba ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa. Ni nani atakayethubutu kusema kuwa Yusuf hakumtegemea Mola wake?

Ama kupishanisha uzazi, masahaba walifanya azl zama za Mtume, kama ilivyopokewa na Jabir. Wako wanavyuoni walioichukia, na wako walioijuzisha. Imamu Ghazali, katika Ihya, aliijuzisha hatta kwa khofu ya kuzidiwa na mashaka kwa wingi wa watoto. Na mwaka 1937 Mufti wa Misri, Sheikh Abdul-Majid Salim, alitoa fatwa ya kuruhusu njia za kuzuia mimba kwa udhuru. Kumuua mtoto kwa khofu ya umasikini ni haramu kwa nassi ya Kurani. Kuzuia mimba kabla haijatunga ni mlango mwengine.

Pote la pili hudhani kuwa dawa ya umasikini ni kupunguza watu tu. Hao nao wamekosea. Yusuf hakupunguza walaji, alijaza ghala. Na dola inapowaona raia kuwa ni tarakimu tu, hufika kwenye dhulma. Huko India, baina ya mwaka 1975 na 1977, watu kwa mamilioni walifungwa uzazi, na wengi walilazimishwa. Na Iran, nchi ya Kiislamu, iliwahimiza watu wake tangu mwaka 1989 kupunguza uzazi; ikawafundisha wachumba kabla ya ndoa, ikapeleka zahanati vijijini. Wastani wa watoto kwa kila mama, uliokuwa zaidi ya 6 katika miaka ya 1980, ukashuka hadi kama 2 ulipoingia mwaka 2000. Kisha mwaka 2021 dola ile ile ikatoa sheria ya kuhimiza uzazi, na dawa za kuzuia mimba zikakatazwa kugawiwa bure. Mama aliyeambiwa jana apunguze, binti yake anaambiwa leo azidishe! Anayejua uzito wa mimba hakuulizwa mara ya kwanza wala ya pili.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tawakkul ya kweli ni mtu kumtegemea Mola katika mzigo anaoubeba yeye mwenyewe. Mwanamume akaaye barazani akasema, "Kila mtoto na riziki yake," hali mkewe anazaa kila mwaka mpaka damu imemwishia, na binti yake mkubwa ametolewa skuli abebe wadogo zake, huyo hakutegemea Mungu. Amewategemea mwanamke na mtoto. Kadhalika mtawala awaambiaye watu wazae wachache, na huku zahanati hazina dawa na skuli hazina walimu, naye ameutua mzigo wake juu ya kichwa cha mnyonge. Kosa la wawili hawa ni moja, ingawa maneno yao yanapingana.

Basi na aulizwe kila mchunga juu ya alichokichunga. Dola iulizwe ghala, mkunga na mwalimu kabla haijawauliza watu watoto wao. Na mume, kabla ya kuomba mtoto mwengine, amuulize mke afya yake na ridhaa yake, na amtazame aliyekwisha zaliwa: amekula nini, amesoma nini, amefunzwa dini na nani. Wingi wa umma ni fakhari watu wake wanapokuwa na elimu na siha. Wakikosa hayo, ni deni litakalodaiwa Siku ya Malipo.

Na tawfiki yote yatoka kwa Mwenyezi Mungu.