Baridi Yabisi Isikukalishe

Wanakuona saa nane mchana ukikata mitaa ya sokoni, wanasema huyu mzima, anajidai tu. Hawakukuona alfajiri kifungo cha blauzi kilipokushinda. Waache waseme. Baridi yabisi si uvivu, si kurogwa, wala haikuingia kwa sababu ulilala kwenye sakafu ya saruji. Ni kinga ya mwili iliyopotea njia, ikaacha vijidudu na kuushambulia utando wa ndani wa viungo vyako mwenyewe. Ndiyo maana vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Hukujiletea, basi aibu ya nini?

Hasira uliyo nayo ipeleke hospitali, na uipeleke mapema! Mfupa ukishaliwa kwenye kiungo haurudi, na kuliwa huko huweza kuanza miezi ya mwanzo kabisa, wakati wewe bado unajichua mafuta ya karafuu na kununua diklofenaki dukani. Diklofenaki hutuliza maumivu tu. Ugonjwa wenyewe haiuzuii, na ukiizoea huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Prednisoloni nayo, ile inayokufanya ujione umepona kwa siku chache, usijiandikie mwenyewe. Muulize daktari kuhusu dawa zinazozuia ugonjwa, kama methotreksati. Hiyo hutumiwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, narudia, maana kuimeza kila siku kumeua watu. Inataka upimwe damu mara kwa mara, na mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme kabla hajaianza. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na wengi hukata tamaa hapohapo. Wewe vumilia wiki hizo.

Daktari Christiaan Barnard wa Afrika Kusini aligundulika na baridi yabisi mwaka 1956, akiwa bado masomoni Marekani. Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, mikono hiyohiyo ilipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani. Alistaafu upasuaji mwaka 1983, viungo vikiwa vimemlemea. Watu humsifu kwa usiku ule mmoja. Mimi naivulia kofia ile miaka 27.

Sikuambii ukapandikize moyo. Una nazi ya kukuna, una madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, una cherehani inayokungoja. Vifanye, ila kwa masharti yako. Kazi nzito isogeze mpaka viungo vilainike. Mpini wa mwiko uviringishie kitambaa unenepe, ushikike bila kukaza ngumi. Ndoo ijaze nusu, uende mara mbili. Ugali asonge kijana wako, na baba watoto naye ana mikono, nijuavyo mimi. Kisha tembea! Kiungo kisichotumika hukaza, na misuli yake hunywea. Siku kimevimba na kina moto, kipumzishe. Siku nyingine zote kidai kazi.

Na siku ya kliniki usiikose hata kama wiki hiyo umeamka bila maumivu. Foleni itakuwa ndefu na benchi gumu, kwa hiyo beba mto wa kukalia. Maswali yako yaandike nyumbani, na usinyanyuke mbele ya daktari mpaka la mwisho limejibiwa.