Kidole gumba katika kitabu cha Mnyampala

Jumanne nilipanda kilima cha Chimwaga, hapa Dodoma, kumwona kijana wa ndugu yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Nikiwa namsubiri, nilijibanza kwenye steshenari moja kukwepa upepo. Mnaokijua kile kilima mnaujua na upepo wake. Wakati wa kiangazi hauji peke yake, unakuja na vumbi. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kutolea kopi, rimu za karatasi, kalamu, bahasha na foleni ya wanafunzi. Kitabu sikuona hata kimoja.

Mbele yangu alisimama binti mwenye bunda la karatasi lililobaindiwa kwa spairo. Macho yangu yakaangukia jalada: Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, cha Mathias Mnyampala.

“Shikamoo mzee,” akaniamkia alipoona naukodolea macho mkono wake.

“Marahaba mwanangu. Hiki umekipata wapi?”

“Ni cha dada mmoja wa mwaka wa tatu. Na yeye aliachiwa na waliomtangulia.”

“Na kitabu chenyewe?”

“Kitabu chenyewe sijawahi kukiona.”

Akaniruhusu nikifunue. Ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Maandishi ya pembeni yamekatika, herufi zimevimba kama zilizolowa maji, na chini ya kila ukurasa wa kushoto kulikuwa na kivuli cheusi cha kidole gumba. Mtu fulani, sijui miaka mingapi iliyopita, alikikandamiza kitabu juu ya kioo cha mashine ili kilale vizuri, na tangu siku hiyo kidole chake kinadurufiwa pamoja na maneno. Kila kinapopita kwenye mashine, kinazidi weusi. Mistari miwili mitatu ya mwisho imekwisha kumezwa.

Nilimwomba mwenye duka anitolee na mimi nakala, nikalipa. Tangu siku hiyo sijatulia.

Mnyampala alikuwa mtu wa hapa. Alizaliwa mwaka 1917 upande wa Chamwino, akawa karani, akawa liwali na hakimu, akafariki hapa hapa Dodoma mwaka 1969. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo, lakini Kiswahili alikiandika kwa namna iliyowafanya washairi wa pwani wakae naye kitako. Aliiongoza UKUTA, Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na ngonjera zilizotutoa jasho shuleni tukijibizana mbele ya wageni zilienea nchini kwa kazi ya mkono wake. Hiki kitabu cha Wagogo kilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1954, taasisi iliyokuwa ikichapa vitabu na pia kuwapelekea wasomaji wa mbali kwa posta. Mwaka 1995 kikachapwa Marekani kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya mwanahistoria Gregory Maddox. Kwa hiyo Mmarekani anayetaka kuijua Ugogo anacho kitabu kizima, chenye kurasa safi. Binti wa UDOM, aliyekaa kilomita chache kutoka alikozaliwa mwandishi, anacho kidole gumba.

Nimemsimulia mtu mmoja mambo haya, naye akanijibu kwa ule msemo ninaouchukia kuliko yote: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu. Akaongeza kwamba vijana wa leo ni simu tu, watu hawasomi, wachapishaji wafanye nini?

Hawasomi? Foleni niliyoiona ilikuwa ya nini? Wale watoto walikuwa wanatoa fedha ya chakula wapate maandishi. Kwenye simu hizo anazozilaumu, watu wanafuatana na simulizi za sehemu themanini, na mwandishi akisema sehemu inayofuata ni shilingi elfu moja, wanatuma kwa simu usiku huo huo. Kabla yao sisi tulipokezana riwaya za Elvis Musiba, Njama na Kikosi cha Kisasi, mpaka jalada likabanduka, na anayechelewa kurudisha aligombezwa. Na kabla yetu, kwa hesabu ya mwaka 1967, kiasi cha thuluthi mbili ya watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma. Ilipofika 1986 walikuwa wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Mama zetu walikaa chini ya miti jioni, wamechoka kwa jembe, wakaandika a, e, i, o, u. Watu wa namna hiyo mnawasemaje hawapendi kusoma?

Kilichokatika ni njia ya kitabu kumfikia msomaji. Ile Bureau ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966 na kukitoa kile kitabu kikubwa cha Walter Rodney mwaka 1972, ilidhoofika uchumi ulipodhoofika. Mwaka 1991 milango ilifunguliwa kwa wachapishaji binafsi kutoa vitabu vya kiada, wakajikongoja navyo, kisha kazi hiyo ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Siingii kwenye ugomvi wa nani aandike kitabu cha darasa la nne. Ninachokiona ni matokeo yake mjini. Duka la vitabu liliishi kwa kitabu cha shule. Hicho ndicho kilicholipa pango, halafu riwaya na diwani zikakaa rafuni zikingoja mnunuzi wao. Ondoa kitabu cha shule, duka linahamia kwenye sare, chaki na chupa za maji. Hapa mjini, kuanzia Barabara ya Kwanza na kuendelea, kupata simu mpya ni rahisi kuliko kupata diwani.

Mwingine ataniambia kudurufu ni wizi. Mwandishi aliye hai, mwenye kitabu kinachouzwa, ukikidurufu umemnyang'anya mlo wake, na sitamtetea anayefanya hivyo. Lakini kitabu kisichouzwa popote, mwizi wake ni nani? Mimi nasema wale wenye mashine ndio waliotuhifadhia Mnyampala, wakati sisi wenye dhamana tumelala. Wapewe basi nakala safi na kibali, wachape wauze kihalali, na fungu la familia ya mwandishi litengwe. Tangu 2023 tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu; mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni kumi na kitabu chake huchapwa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mkono unaochapa kitabu kipya hauwezi kushindwa kuchapa na hiki cha 1954. Jiji lenye Bunge, wizara na chuo kikuu kizima halina kisingizio.

Nilipanda daladala kurudi mjini. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima wa Mvumi, kapakata kapu. Nilimsalimu, “Mbukwenyi,” akaitikia, halafu akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia. Akaniomba nimsomee, kwa sauti.

Nikasoma mahali panapozungumzia asili ya ukoo mmoja. Akasikiliza hadi nusu ya ukurasa, kisha akaweka mkono juu ya karatasi.

“Hapana, baba. Hawakutokea huko. Babu yangu hakusema hivyo.” Akanieleza walikotokea, mlima kwa mlima, mpaka kondakta akaacha kudai nauli akasikiliza. Alipomaliza aliniambia, “Endelea. Nataka kusikia anamaliziaje, huyo.”

Nikaendelea mpaka chini ya ukurasa.

“Mbona umenyamaza?”

Nikamwonyesha kile kivuli cheusi. Akakisogeza karibu na macho, akakifuta kwa ncha ya khanga yake, akakifuta tena.