Kuuona Ufa na Kuuziba

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huieleza kwa wepesi kuwa yatuasa tuchukue hadhari mapema. Lakini yafaa tuitazame tena. Haikusema "usipouona ufa", imesema "usipoziba". Baina ya kuona na kuziba pana swali la maadili, nasi twakusudia kulijadili kwa mfano wa saratani ya utumbo mpana.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa nadra kwetu. Daktari Denis Burkitt, aliyepata kuwa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago hapa Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba uhaba wake barani Afrika watokana na vyakula vyetu visivyokobolewa. Siku hizi unaonekana hapa mjini. Aghalabu huanza kama kinyama kidogo kisichouma, kikakaa miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Ndiyo sababu nchi nyingi tajiri huwaita watu wasiojisikia ugonjwa wowote ili wapimwe: ama haja kubwa huchunguzwa kama ina damu isiyoonekana kwa macho, ama mrija wenye kamera hupitishwa utumboni, na vinyama vikionekana huondolewa.

Je, mipango hii yafaa kwa kiasi gani? Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kuwa miongoni mwa waliopangiwa kupimwa haja kubwa kila mwaka, vifo vya saratani hii vilipungua kwa theluthi moja. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya Polandi, Norwei na Uswidi. Katika kila watu 100 walioitwa kupimwa kwa mrija, waliokuja ni 42 tu. Baada ya miaka 10, katika kila watu 10,000 walioitwa, 98 walipata saratani. Kwa wasioitwa, 120. Waliokufa kwayo walikuwa 28 kwa 31, tofauti ndogo ambayo huenda ni ya bahati tu.

Sisi walimu twaijua hesabu hii. Mwalimu anayehesabu ufaulu wa waliohudhuria tu, akawasahau watoro, hujidanganya. Tena hakuna mtihani usiokosea: kipimo chaweza kumtia hofu asiye mgonjwa, na kumtuliza aliye mgonjwa.

Wako watakaosema: basi tusipime. Hatukubali. Wale 22 waliookoka na ugonjwa katika kila 10,000 ni wazazi na ndugu wa watu. Lakini pia hatukubali kwamba kupima peke yake ni wema. Mgonjwa humwendea daktari kwa hiari yake. Mtu mzima wa afya huitwa, na anayemwita amekwisha kumpa ahadi. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha masharti yaliyoandikwa na Wilson na Jungner, na mojawapo ni kwamba njia za kuthibitisha ugonjwa na kuutibu ziwepo.

Sharti hilo kwetu si nadharia. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967. Lakini mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini iliharibika, na mpya ikazinduliwa mwaka 2018. Katika kipindi kile, kuambiwa "una saratani" kulikuwa na faida gani kwa mtu aliyehitaji mionzi, naye hana nauli ya kwenda Nairobi?

Kwa hiyo twaona kwamba wajibu una utaratibu wake. Kwanza atibiwe upesi yule ambaye dalili zimekwisha kumtokea: damu katika haja kubwa, tumbo lililobadili desturi yake, mwili unaokonda bila sababu. Kisha, tiba ikiwa tayari, waitwe walio wazima.

Nasi walimu wa lugha tuna sehemu yetu. Wengi huchelewa hospitali kwa kuona haya kuitaja haja kubwa mbele ya daktari. Kiswahili kina maneno ya adabu ya kulieleza jambo hili. Tuwafunze wanafunzi kuyatamka bila soni. Na yeyote atakayepita nyumba kwa nyumba akitafuta nyufa, na awe ameshika udongo mkononi.