Aliyehesabiwa Apatiwe Nafasi

Mwinjili Luka atusimulia kwamba siku zile Kaisari Augusto alitoa amri watu wa dola yake waandikwe. Ikawapasa Yosefu na Maria kusafiri toka Nazareti mpaka Betlehemu, naye Maria alikuwa mja mzito. Waliitikia wito wa mtawala, wakaenda kuandikwa kama raia wema. Lakini saa ya kujifungua ilipofika hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na Mtoto akalazwa horini. Habari hii twaisikia kila Noeli, nasi huwaza zaidi juu ya ufukara wa Mtoto yule. Leo twapenda kuitazama kwa upande mwingine. Dola ile ilikuwa na makarani wa kutosha kuandika jina la kila mtu, wala haikujali mama mjamzito atalala wapi usiku ule. Kumhesabu mtu ni kazi ya siku moja; kumpatia nafasi ni kazi ya miaka mingi.

Twayasema haya kwa kuwa taifa letu nalo limehesabu watu wake mara kwa mara, na hesabu zake zatupasa kuzitafakari. Mwaka 1957, kabla ya Uhuru, watu wa Tanganyika hawakutimia milioni tisa. Katika sensa ya Agosti 1967, ya kwanza baada ya Muungano, Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3. Mwaka 1978 walikuwa milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9. Na katika sensa ya Agosti 2022 walihesabiwa watu 61,741,120. Kati ya mwaka 1967 na 1978 watu waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Baadaye mwendo huo ulipungua kidogo, ukawa asilimia 2.7 kati ya mwaka 2002 na 2012. Kisha ukapanda tena mpaka asilimia 3.2 katika miaka kumi iliyofuata.

Asilimia tatu yaonekana ni kitu kidogo. Muuza duka atoaye faida ya shilingi tatu katika kila mia hatajiita tajiri. Lakini watu huongezeka juu ya nyongeza, kwa maana waliozaliwa jana ndio watakaozaa kesho. Taifa liongezekalo kwa asilimia 3.2 kila mwaka hurudufika katika muda wa miaka 22 hivi. Tazameni jambo hili: nyongeza peke yake ya miaka kumi, toka mwaka 2012 hata 2022, ilikuwa watu karibu milioni 17. Yaani katika miaka kumi tumeongeza watu wengi kuliko taifa zima lililohesabiwa mwaka 1967. Mwaka huo jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu wapatao 273,000. Mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni tano na robo. Katika kila kilomita moja ya mraba ya nchi walikuwapo watu 14. Mwaka 2022 walifika 70.

Ongezeko hili limetoka wapi? Sababu ya kwanza yatupasa kumshukuru Mungu kwa ajili yake: watoto wetu hawafi tena kama zamani. Mwaka 1999, katika kila watoto elfu moja waliozaliwa, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka mpaka 43. Makaburi madogo yaliyokuwa nyuma ya nyumba nyingi hayachimbwi tena kwa wingi ule. Chanjo, vyandarua, zahanati, wakunga waliosoma, na mikono ya masista na waganga wengi visivyotajwa gazetini ndivyo vilivyoleta neema hii. Basi atakayelalamika kwamba watu ni wengi, na akumbuke kwamba analalamikia pia watoto waliopona.

Sababu ya pili ni kwamba vizazi havijapungua kwa kadiri vifo vilivyopungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama wa Tanzania alizaa, kwa wastani, watoto zaidi ya sita. Mwaka 2022 wastani huo ulikuwa watoto 4.8. Umepungua, ila mama wenyewe wamezidi kuwa wengi. Bibi mmoja alizaa watoto sita, watatu wakiwa mabinti. Mabinti hao wakizaa wanne wanne tu, yaani wachache kuliko mama yao, bibi huyo atapata kwa mabinti peke yao wajukuu kumi na wawili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa taifa zima. Katika kila Watanzania 100 waliohesabiwa mwaka 2022, wapatao 43 walikuwa hawajatimiza miaka 15. Mama wa kesho wamekwisha kuzaliwa. Wengine wanajifunza kusoma, wengine wangali mgongoni.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika makadirio waliyoyatoa mwaka 2022, walisema kwamba mwendo wa ongezeko letu utapungua polepole, na hata hivyo mwaka 2050 tutakuwa watu wapatao milioni 130. Waliitaja Tanzania miongoni mwa nchi nane zitakazobeba zaidi ya nusu ya ongezeko lote la watu duniani mpaka mwaka huo. Makadirio si unabii, na hesabu za wanadamu zaweza kukosea huku na huku. Lakini sehemu kubwa ya jambo hili haitegemei tena kupenda kwetu. Swali la kuuliza kama wageni waje au wasije limepita. Wengi wamo njiani, na wengine wamekwisha kupiga hodi. Lililobaki ni swali la mwenye nyumba: je, ameandaa nini?

Wako wanaozisikia hesabu hizi wakaingiwa na hofu, wakamtazama mtoto wa maskini kama nzige aliyevamia shamba. Fikira hiyo si ya Kikristo, wala si ya kiutu. Wako pia wanaozisikia wakajivuna, wakidhani kwamba wingi peke yake ni nguvu. Mfalme Daudi alifanya hivyo: aliwahesabu mashujaa wa Israeli kinyume cha shauri la mkuu wa jeshi lake, na baadaye moyo wake ukamchoma. Azimio la Arusha, mwaka 1967, liliwataja watu kuwa wa kwanza katika mambo manne yahitajiwayo kwa maendeleo. Lakini Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, aliwakumbusha wananchi kwamba kuweza kuwatunza watoto vema kuna uzito kupita kuwaza idadi yao tu. Wazee wetu walikwisha kulisema hilo kwa maneno machache: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Twajua kwamba wengi watatujibu kwa methali nyingine, wakisema kila mtoto huja na riziki yake. Ni neno la imani, wala hatulipingi. Lakini na tuulize, riziki hiyo huja kwa njia gani? Huja kwa titi la mama aliyekula akashiba. Huja kwa jembe la baba ambaye hakuiacha jioni yake kilabuni. Huja kwa mwalimu, kwa kisima, kwa barabara ipitishayo mazao, kwa kiongozi asiyekula fedha za dawa. Mungu ameiweka riziki ya mtoto katika mikono ya watu. Mikono hiyo ikifumbwa, mtoto atateseka, na hapo tusithubutu kumsingizia Mungu kwamba ndiye aliyesahau kuileta.

Kanisa limefundisha nini juu ya jambo hili? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba watoto ni zawadi kuu ya ndoa, na kwamba shauri la idadi yao ni la mume na mke wenyewe mbele ya Mungu. Haliwi la serikali, wala la ukoo, wala la majirani. Lakini Mtaguso haukusema kwamba wazae bila kufikiri. Uliwataka waangalie hali yao wenyewe, hali ya watoto waliokwisha kuzaliwa na watakaozaliwa, nyakati walizomo, na mema ya jamii nzima. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alikiri waziwazi kwamba watu wakiongezeka upesi kupita mali iliyopo, kazi ya maendeleo huwa nzito zaidi. Na mwaka 1968, alipokataza njia zisizo za maumbile, alifundisha pia kwamba wenye ndoa walio na sababu za haki waweza kuachanisha vizazi kwa kufuata nyakati alizoziweka Muumba katika mwili wa mwanamke.

Njia hiyo, wapenzi, haiwezekani bila mume. Yamtaka mwanamume ajue siku za mkewe, aongee naye, amngojee, ajitawale. Hapa ndipo baba wengi wa Kikristo wanapopungukiwa. Humwachia mama mzigo wote wa mimba na malezi. Akidhoofika, husema ni mapenzi ya Mungu. Bibi zetu walijua kumnyonyesha mtoto mpaka atembee, na jamii ilimwonea aibu mume aliyeleta mimba nyingine mtoto angali mchanga. Aibu ile ilikuwa ya haki, na yafaa irudi katika nyumba zetu.

Yatupasa kusema pia juu ya mabinti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba ruhusa hiyo ni kinyume cha Katiba. Lakini hukumu ya mahakama haimlindi binti ambaye baba yake amekwisha kupokea ng'ombe. Msichana aolewaye angali mtoto huanza kuzaa kabla mwili wake haujakomaa, huacha shule, na mara nyingi hulea watoto wake katika unyonge uleule aliolelewa. Baba amwachaye binti yake amalize masomo amewatendea mema hata wajukuu ambao bado hajawaona.

Basi tuje kwa wakuu wa nchi, na kwetu sote tulio na dhamana yoyote. Yosefu mwana wa Yakobo, alipokuwa Misri, alijua miaka saba kabla kwamba njaa itakuja. Hakuitisha mikutano ya kulia, wala hakulaumu wazazi waliozaa. Alijenga ghala, akaweka akiba ya sehemu ya tano ya mavuno ya miaka ya shibe, na siku ilipofika watu wakala. Sisi nasi tumepewa habari mapema. Mtoto aliyehesabiwa mgongoni mwa mamaye mwaka 2022 ataingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita hivi. Baada ya miaka kumi na miwili mingine atatafuta kazi. Kisha atatafuta mahali pa kujenga. Tarehe hizo zote zajulikana. Ikiwa siku hiyo atakaa chini sakafuni kwa kukosa dawati, hatutaweza kusema kwamba alitujia ghafula.

Na ardhi je? Huko Uchagani na katika milima mingine yenye rutuba, shamba alilorithi babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana. Mtu mwenye ekari kumi na mbili akiwagawia watoto wanne, kila mmoja apata tatu. Nao wakifanya vivyo hivyo, mjukuu abaki na robo tatu ya ekari. Hapo urithi wa shamba haumtoshi tena. Yafaa mzazi ampatie mtoto urithi usiogawanyika, yaani elimu, ufundi, na moyo wa uaminifu. Hivyo, hata akipewa watoto wanne au wanane, kila mmoja aweza kuupata wote mzima.

Wasomaji wapenzi, jioni moja wiki hii baba na mama wakae pamoja, watoto wakiwa wamelala. Wawataje mmoja mmoja kwa jina, kama karani wa sensa alivyowataja. Kisha waulizane juu ya kila mmoja: huyu tumemwandalia nini? Shule yake, afya yake, sala zake, kazi yake ya baadaye? Viongozi wa parokia na wa vijiji nao wafanye vivyo hivyo kwa watoto wa mtaa wao, hasa yatima, na wale ambao baba zao hawajulikani, maana hao nao walihesabiwa. Maria na Yosefu, waliobisha hodi Betlehemu wasipate mlango, watuombee, ili katika nchi hii asiwepo mtoto atakayeandikwa kitabuni na kukosa mahali pake.