Nsyuka Alikuwa Anakaa Jirani

Kwanza nikiri: mimi ni mtu wa picha za kutisha, tena zile mbovu. Sio hizi za siku hizi ambazo damu inaonekana damu kweli. Nazungumzia zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000, za mkanda wa VHS, ambapo jini akitaka kutoweka kamera inazimwa, mwigizaji anatoka, kamera inawashwa tena, na kivuli cha mti kimeshasogea. Ukiniletea moja leo nitaacha kazi nikae nitazame.

Nimekulia Ilomba, Mbeya, na chuo changu cha sinema kilikuwa kibanda umiza. Chumba cha mabanzi, magunia madirishani kuzuia mwanga, mabenchi bila egemeo, deki moja na televisheni moja. Watoto shilingi hamsini. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kwetu ikishika, tulikuwa tunaingia pia kwa sababu ya joto la watu. Ukibanwa katikati ya benchi umepona. Picha za Kichina mchana, jioni za Kinaijeria. Nilimwogopa Karishika kabla sijajua Nigeria iko upande gani wa Afrika. Living in Bondage ilikuwa imetengenezwa mwaka 1992, lakini mikanda ilichelewa kupanda mlima, hivyo kwetu ilikuwa bado mpya. Ikipatikana picha yenye sauti ya Lufufu, yule mtafsiri aliyekuwa akisimulia juu ya picha na kuongeza ya kwake, benchi lilijaa mpaka mlangoni.

Nyumbani kulikuwa na karatasi. Binamu yangu alikuwa konda, na abiria wakiacha magazeti kwenye gari alituletea: Sani, Kiu, Kasheshe. Hadithi za mfululizo zilikuwa zinakatika palepale mlango unapofunguka wenyewe usiku wa manane, halafu unaambiwa usikose toleo lijalo. Toleo lijalo tulikuwa hatulipati. Nina hadithi kichwani mwangu ambazo hadi leo mlango umebaki wazi, sijui aliingia nani. Labda ndiyo maana hazijanitoka.

Halafu ikaja Nsyuka, picha ya Mussa Banzi. Mwenye kibanda aliandika jina kwa chaki ubaoni, basi, hakuhitaji kitu kingine. Dar es Salaam jina hilo lilikuwa geni. Kwetu lilikuwa neno la nyumbani, neno ambalo bibi zetu walilitumia kutuita ndani jua likizama. Hatukuwahi kuota kwamba neno la Kinyakyusa linaweza kuwa jina la picha. Nadhani nilijivunia kabla ya kuogopa.

Lakini neno lenyewe lina kwao. Kwa Wanyakyusa wa zamani abasyuka ni marehemu wa ukoo, wale waliotangulia ambao bado wana haki na wajibu kwa walio hai. Unawakumbuka, unawaomba radhi, na wakikasirika kuna sababu na kuna njia ya kupatana nao. Ni ndugu. Sisi tuliingia kibandani na babu, tukatoka na zimwi. Kuwa mkweli, kazi hiyo haikuanzia kwenye deki. Mahubiri yalikuwa yameanza zamani, na vitisho vya jioni vya bibi zetu vikasaidia. Picha ilikuja kumalizia, ikampa uso.

Na uso huo tukautafutia mtu wa kuuvaa.

Nyuma ya kibanda alikuwa anakaa bibi mmoja, peke yake, mjane. Macho yake yalikuwa mekundu. Kabla ya picha ile tulikuwa tunampa shikamoo tukipita, anaitikia, maisha yanaendelea. Baada ya picha hakuitwa tena bibi fulani. Aliitwa Nsyuka. Nani alianza sijui. Ningependa kusema si mimi. Tukawa tunazunguka njia ndefu kwenda dukani. Halafu ikawa mchezo kurusha jiwe juu ya bati lake na kukimbia, na utamu wake ulikuwa uleule wa kibandani, moyo unadunda, mnacheka mkiwa mmeshikana mashati. Mimi nilirusha. Mara ngapi sikumbuki, ila zaidi ya moja.

Watu wazima hawakutukemea sana. Hiyo ndiyo inayoniuma nikiwa na umri wao. Mkoa wetu miaka hiyo ulikuwa kwenye habari kwa uchunaji ngozi: watu walikuwa wanauawa na kuchunwa kwa imani kwamba ngozi ya binadamu inaleta utajiri. Hofu ilikuwa ya kweli, ina sababu, na wauaji walikuwa wanaume wenye nguvu na tamaa ya pesa. Lakini mwanamume mwenye nguvu huwezi kumrushia jiwe juu ya bati. Bibi unaweza.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi wanafalsafa wanavyojadili utamu wa kutishwa. Noël Carroll, Mmarekani, aliandika kitabu kizima mwaka 1990. Anauliza: tunaogopaje kitu ambacho tunajua hakipo, na kwa nini tunalipa kiingilio ili tuogope? Zimwi, kwake, ni kiumbe ambacho sayansi ya leo inasema hakiwezi kuwepo. Kabla yake, mwaka 1978, Kendall Walton alisema hofu ya sinema ni ya kuigiza, na ushahidi ni kwamba mtazamaji hainuki akakimbia kuita polisi. Nilisoma nikacheka peke yangu. Waheshimiwa hawa hawajakaa benchi la Ilomba. Sisi hatukujua kwamba hakipo. Sisi tuliinuka, tukatoka nje, tukaokota mawe.

Ndipo swali linapokuwa gumu kwangu kama shabiki. Dracula wa Christopher Lee, yule wa 1958, alikuwa na kasri lake mbali huko, na mtoto wa London akitoka sinema hakuwa na jirani mwenye kasri. Utisho wa kwetu ulikuwa na anwani. Mchawi wa picha zile mara nyingi ni nani? Mama mkwe, shangazi asiye na mtoto, kikongwe. Nigeria waliliona hili vibaya zaidi: End of the Wicked, ya mwaka 1999, ililaumiwa na watetezi wa watoto kwa kuchochea imani kwamba mtoto anaweza kuwa mchawi, katika nchi ambako watoto walikuwa wanafukuzwa majumbani kwa tuhuma hizo.

Najua utetezi, nimeutumia mwenyewe kwenye mabishano. Watu walikuwa wanauana kwa uchawi kabla ya umeme kufika. Sheria ya Uchawi ya nchi hii ni ya 1928, na tayari wakati huo ilibidi ikataze si uchawi tu bali hata kumtaja mtu kuwa mchawi. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, wengine wakakutwa wamekatwa viungo, na hakuna aliyehitaji mkanda wa Banzi kufanya vile. Kweli yote. Ila utetezi huu unajibu kama picha iliua. Mimi swali langu ni dogo zaidi na linanihusu: nilikuwa nafurahia nini?

Nimelichunguza na sipendi nilichokikuta. Ninachokikumbuka kwa utamu si zimwi, maana zimwi lenyewe lilikuwa mtu amepakwa unga. Ni lile benchi. Sote upande mmoja, mabega yamegusana, tunajua mbaya ni nani. Sijawahi tena kuwa na uhakika wa namna ile, wala ukaribu ule na watu wengi kiasi kile. Na upande wa pili wa uhakika huo palikuwa na bibi ndani ya nyumba yake, anasikiliza bati.

Ndiyo maana nakipenda Mirathi ya Hatari cha C. G. Mung'ong'o, cha mwaka 1977, kitabu cha nyanda zetu hizihizi. Huko anayeingia kwenye uchawi ni kijana tunayemfuata tangu mwanzo, anarithishwa na baba yake mzazi. Kinatisha, tena sana, lakini huna pa kukaa ukanyoosha kidole. Nilikisoma sekondari, na usiku ule sikumwogopa jirani yeyote. Nilimwogopa marehemu babu na vitu alivyoacha kwenye sanduku, na nikajiangalia mikono. Kwa hiyo inawezekana kutisha bila kumtoa mtu mmoja awe kafara ya benchi. Sisemi kila hadithi iwe hivyo. Nasema tofauti ipo na mtoto anaihisi.

Yule bibi wanawe walikuja kumchukua wakampeleka Tukuyu, na huko ndiko alikofia. Mwaka jana nilimuuliza mama kuhusu macho yake. Mama hakuacha hata kuchambua maharage. "Yule? Moshi. Alikuwa hana hela ya mkaa, anapikia kuni mbichi ndani." Kibanda sasa hivi ni mahali pa kubeti, vijana wamebanana mlemle wakitazama mpira.

Shumileta ya 2005 niliipata, imekwaruzika lakini inaonekana. Niliitazama peke yangu sebuleni, nikacheka pale tulipokuwa tunapiga kelele, halafu nikazima kabla haijaisha. Nsyuka bado naitafuta. Mwenye mkanda, hata uliokatika katikati, nitanunua.