Msaada ni wa Mtu au wa Mahali?

Kamenge ni kartiye inayojua maana ya kuhama. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, jeshi liliingia katika mitaa hiyo ya kaskazini mwa Bujumbura na wakazi wakatawanyika, wengine milimani, wengine ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Zaire ya wakati huo. Waliorudi walijenga upya. Hata sasa kuna wanaotoka kwenda kutafuta riziki Kigoma, Dar es Salaam au Nairobi.

Kwa mwenye viungo vizima, safari hiyo inataka nauli na moyo. Tuseme sasa msafiri ni fundi cherehani mwenye mguu wa bandia uliotengenezwa katika kituo cha Gitega. Anaweza kazi kwa sababu kuna fundi anayeukarabati mguu, kuna chama cha wenye ulemavu kinachomjua kwa jina, kuna jirani anayembebea vitambaa kutoka sokoni. Akivuka mpaka, je, hayo yote ni yake, au ni ya mahali alipoyaacha?

Swali hili hupelekwa kwa wanasheria, lakini mzizi wake ni wa kiimani. Deni la kumsaidia mtu afanye kazi linatokana na utu wake, au na ujirani wake?

Marekani imelijibu kwa namna mbili kwa wakati mmoja, na Warundi wamekuwa miongoni mwa wanaolionja jibu hilo. Kuanzia 2007 maelfu ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kuishia kambini Tanzania walipokelewa huko. Katika nchi hiyo, huduma ya kumwandaa mwenye ulemavu kwa ajira hulipiwa asilimia 78.7 na serikali kuu na asilimia 21.3 na jimbo, lakini ofisi zote ni za majimbo. Anayehama kutoka Texas kwenda Iowa huliacha jalada lake Texas na kuomba upya, na ofisi mpya kwa kawaida ina siku 60 za kuamua kama anastahili. Posho ya kujikimu ya serikali kuu, kwa anayeipata, humfuata jimbo lolote aendalo. Yaani chakula kinavuka mpaka, kazi inaanza upya.

Wanaotetea mahali wana hoja nzito, na haifai kuipita haraka. Fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kwa kauli yake mashuhuri haitaki zaka ihamishwe kutoka mji ilikotolewa wakati wahitaji wapo hapo. Sababu yake ni ya haki: maskini wa mji wameiona mali ya matajiri wao ikikua mbele ya macho yao. Tena msaada mwema humjua mtu, na kumjua mtu hakuwezekani kwa mbali. Mkalimani wa lugha ya alama hawezi kufungashwa pamoja na nguo.

Hata hivyo, dini hiyohiyo inamtambua msafiri. Sura ya Tawba, aya ya 60, inayataja makundi 8 yanayostahili zaka, na la mwisho ni msafiri aliyekatikiwa njiani. Hata akiwa na mali kwao, hupewa pale alipo. Mali haikuhama, kilichohama ni haki yake, na mji uliomkuta ndio uliodaiwa.

Maisha ya Abdullah bin Ummi Maktum yanalionyesha hilo vizuri. Alikuwa kipofu, Mkureshi wa Makka, na alihamia Madina miongoni mwa wa kwanza, pamoja na Mus'ab bin Umair. Hakukalishwa kando asubiri sadaka. Aliwafundisha watu Qur'ani, akawa mwadhini wa alfajiri, na mara kadhaa Mtume alimwachia mji akiwa safarini. Hadithi zinaeleza kuwa alikuwa haadhini mpaka aambiwe na watu kwamba kumepambazuka. Huo ndio msaada wa kazi katika umbo lake safi: sauti ya jirani. Asingeweza kuichukua kutoka Makka. Madina ilimpa macho iliyokuwa nayo, naye akaipa Madina adhana.

Biblia ina kisa kinachokwenda kinyume. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyelemaa miguu yote miwili, alitolewa Lo-debari akaletwa Yerusalemu, akala mezani pa Daudi siku zote. Ulikuwa wema mkubwa, lakini ulifungwa kwenye meza moja. Siku mfalme alipokimbia uasi wa Absalomu, Mefiboshethi alibaki. Baadaye alijieleza kwamba alitaka kutandikiwa punda, mtumishi wake Siba akamhadaa na kumsingizia. Nusu ya mashamba yake ikaenda kwa Siba.

Kwamba mahali paweza kumpokea kila ajaye, Kamenge yenyewe ina ushuhuda. Kituo cha vijana kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilipokea vijana wa kila kabila na dini wakati mitaa jirani ilikuwa inauana, kikatunukiwa Right Livelihood Award mwaka 2002.

Nchi za ukanda huu nazo zimekwisha kuahidi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamfungulia mfanyakazi njia. Sheria ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi aajiri asilimia 3 wenye ulemavu. Burundi nayo ina sheria yake ya Januari 2018. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Burundi iliuridhia 2014 na Tanzania 2009, unaitaja haki ya kazi kuwa ya watu wenye ulemavu, bila kuuliza uraia.

Basi fundi wa Kamenge akishuka Kigoma, wa kwanza kuchukua hatua ni wenyeji wake. Ofisi izipokee karatasi za Gitega badala ya kumpima upya tangu mwanzo. Parokia na msikiti, ambao mara nyingi humfikia mgeni kabla ya serikali, wamuulize kazi yake kabla ya shida zake, kisha wamtafutie kibaraza na cherehani ya kuzungusha kwa mkono.