Madhabahu ya Dameski na Rinda la Jirani

Juma lililopita tulisoma habari za mfalme Ahazi (2 Wafalme 16:10-16), na wengi tuliondoka tukizungumza juu ya ibada ya sanamu. Ni sawa. Lakini mimi ni fundi wa nguo, na sikio la fundi husikia pia mambo mengine. Ahazi alienda Dameski kumlaki Tiglath-pileseri, mfalme wa Ashuru. Huko akaona madhabahu, ikamvutia, akamtumia kuhani Uria mfano wake pamoja na ufundi wake wote. Kabla mfalme hajarudi Yerusalemu, Uria alikuwa ameshamaliza kujenga. Kwa lugha ya leo, alipiga picha, akaituma kwa WhatsApp na kuandika: "Nataka kama hii."

Maneno hayo matatu mimi huyasikia karibu kila siku. Mteja anatoa simu, ananionyesha rinda la mtu mwingine, halafu anauliza bei. Sasa, kuvutiwa na kazi ya mwenzako kunaishia wapi, na kuiba kunaanzia wapi?

Tusidanganyane, hakuna fundi aliyezaliwa na mitindo kichwani. Mimi nilijifunza kola kwa kununua makoti ya mitumba Gikomba na kuyafumua mshono kwa mshono. Hata Bezaleli, aliyejazwa Roho kwa kazi ya hema, alipewa pia moyo wa kufundisha (Kutoka 35:34). Na mahali pana kufundisha, lazima mkono wa mwanafunzi ufanane na wa mwalimu, angalau mwanzoni. Kwa hivyo anayesema kila kufanana ni wizi hajawahi kushika makasi.

Lakini mtazame Sulemani. Yeye pia alitaka ufundi wa kigeni. Alituma watu wakamleta Hiramu kutoka Tiro, na Biblia inatuambia mamake alikuwa mjane wa kabila la Naftali (1 Wafalme 7:13-14). Mfalme wa Tiro, aliyetoa mbao, alipewa ngano kori 20,000 mwaka baada ya mwaka (1 Wafalme 5:11). Fundi wa madhabahu ya Dameski je? Hatajwi popote. Kazi yake ilivuka mpaka, yeye akabaki.

Nasema haya kwa sababu jambo lenyewe liko hapa kwetu. Akina mama wanataka marinda 40 ya kongamano, na wameniletea picha. Nililitambua rinda hilo mara moja, na ninyi pia mngelitambua. Ni la dada yetu mmoja tunayeabudu naye, ambaye ana kibanda sokoni. Alilibuni akiwa ananyonyesha. Ameficha zipu mbili ndani ya mikunjo ya kifua, mama anaweza kumnyonyesha mtoto katikati ya ibada bila kuhangaika na shuka. Tena mistari ya kitenge inakutana kiunoni kama paa la nyumba, kwa hivyo zipu hazionekani kabisa. Najua aliharibu vitambaa vingi kabla ya kuipata hiyo mikunjo. Yeye anauza shilingi 2,800. Mimi naweza kushona kwa 1,900 na nipate faida. Kwa nini? Kwa sababu vitambaa vilivyoharibika ni vyake, si vyangu. Hiyo tofauti ya 900 ndiyo inayonisumbua.

Nilipouliza kama yeye ameulizwa, nilijibiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba karama zote ni za Mungu, kwa hivyo hakuna mtu anayemiliki mtindo. Jibu hili linasikika la kiroho sana, lakini sioni kama linasimama. Bezaleli alijazwa na Mungu mwenyewe, na bado jina lake limeandikwa, na la baba yake, na la babu yake, na la kabila lake. Tena nimegundua kwamba tunakumbuka karama ni ya Mungu wakati karama ni ya mwingine. Mhubiri akichukua mahubiri ya mwenzake neno kwa neno, tunanong'ona mpaka kwa matatu.

La pili liliniletea kazi kidogo: "Badilisha mikono na shingo, halitakuwa lake tena." Mafundi wengi hufikiri hivyo, kwamba kuna idadi fulani ya vitu ukibadilisha umeokoka. Mimi hutumia kipimo kingine. Nikiiangalia picha nikaelewa ni kwa nini nguo inaanguka vile, naweza kuifunga simu na kushona kitu kingine kwa mwili mwingine, nikitumia nilichoelewa. Hapo nimejifunza. Lakini nikihitaji picha iwe mezani mpaka mshono wa mwisho, nanakili. Kipimo hiki nacho si kamili, maana fundi mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kunakili hata taa ikizimika. Kwa hivyo najiuliza pia: huyu mteja ananunua kwangu kwa sababu ya kazi yangu, au kwa sababu kwangu ni rahisi kuliko kwa mwenye kazi? Mikono na shingo havigusi swali hilo. Kitu kinachonunuliwa ni zile zipu.

Si kila picha ina uzito huo. Msichana akiniletea picha ya rinda la mwigizaji wa Lagos, analitaka moja tu la siku ya kuhitimu, nitamshonea nilale usingizi. Fundi wa Lagos hakupoteza mteja, na sitaliweka dirishani niseme ni mtindo wangu. Marinda 40, umbali wa viti vitatu kutoka kwa aliyeyabuni, ni hesabu nyingine kabisa. Na tuwe wakweli kidogo: Louis Vuitton ya Ufaransa ilipotumia miraba ya shuka ya Kimaasai katika mavazi yake ya wanaume ya 2012, Wakenya wengi tulisema tumeibiwa. Wizi unaonekana haraka ukifanywa na tajiri wa mbali.

Nilienda kwa dada yetu. Hakukasirika. Aliomba shilingi 150 kwa kila rinda, na jina la kibanda chake lishonwe ndani ya kola. Jumla ni 6,000. Baadhi ya akina mama wamesema huo ni uroho, ati kanisa ni familia. Mimi nimewaambia sitakata kitambaa bila hiyo 150. Nimesikia kwamba picha imeshapelekwa kwa fundi mwingine, na huenda kazi hiyo nisiione tena.

Mmoja wao aliniuliza swali ambalo nalikubali ni zuri: tutamlipa mpaka lini? Sheria yetu ina jibu kwa anayesajili umbo la bidhaa yake kwa KIPI: miaka 5, akiomba tena anaongezewa mara mbili, jumla 15. Fundi wa kibandani hasajili, lakini kipimo hicho kinasaidia kufikiri, maana kinakubali kwamba siku moja kitu huwa cha wote. Leso iko hivyo. Pindo, mji na maandishi, mpangilio huo hauna mwenyewe tena, yeyote anaweza kuchapisha. Hata hivyo, leso za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa bado zina alama pembeni, K.H.E. Mali ya Abdulla, kwa sababu mchoro ulio ndani ya mpangilio huo una mwenyewe. Nguo yenye mikunjo na zipu nayo ni ya wote, hata mimi nitashona. Lakini jinsi dada yetu alivyozificha zile mbili ni kazi yake, na haijamaliza hata miaka miwili sokoni.